Kila neno nalijua, ila sijui kama wanagombana

Ndugu yetu mmoja kauliza swali nimelipenda sana, nalifupisha hapa ili twende pamoja. Rafiki yake kaandika hadithi fupi kwa Kiingereza, kampa aitafsiri. Kamusi anayo, sarufi anaijua, hakuna neno hata moja lililomshinda, ila kuna mistari mitano imemkalisha wiki nzima kwa sababu haelewi hawa wanaoongea wana nini moyoni. Mwenzake aliyemsomea anasema dada mtu kafurahi, yeye anahisi kakasirika, na mwandishi mwenyewe akiulizwa anacheka tu, anamwambia asome tena. Wahusika ni Ruth na kaka yake Daniel, hawajaonana miaka 6, baba yao kazikwa jana, Daniel kaingia leo. Mistari yenyewe hii hapa:

"You came," said Ruth.

"I said I would."

"You did say that."

Daniel looked at the clock. "Well. I won't keep you."

"No," she said. "I don't suppose you will."

Anauliza: sauti haipo kwenye karatasi, sasa toni naisoma wapi, na nitajuaje kama sijitungii tu?

Haya. Nianze na jibu halafu ndo nieleze, maana mtu aliyekaa na kipande wiki nzima anachotaka ni jibu. Ruth kakasirika, ndiyo, ila sio hasira ya kufoka, ni hasira ya mtu aliyeshachoka kufoka, na mwenzako naye hakukosea sana kwenye mstari wa kwanza, nitafika huko. Kuhisi ulihisi sawa. Kilichobaki ni kuonyesha umehisi kwa kutumia nini, na hapo ndo kazi ilipo.

Kinachotuponza wengi tuliokulia Kiswahili tukisoma mazungumzo ya Kiingereza sio msamiati. Lugha yetu ina vijineno vya kubebea hisia, eti, kwani, kumbe, mbona, si, basi, jamani, tu. Ukiandika "eti anaumwa" msomaji hahitaji kusikia sauti yako, hiyo "eti" imeshamaliza kazi, anajua huamini. Kiingereza vijineno vya hivyo kinavyo lakini kazi kubwa kinaiachia mkazo wa sauti, na vitenzi visaidizi vile vidogo vidogo, do, did, would, might, ambavyo ukifungua kamusi utaambiwa havina jambo lolote la maana, basi unavipita unakimbilia neno kubwa la mwisho. Kumbe moto uko kwenye vile vidogo.

Chukua sentensi hii, "I never told him that." Maneno matano tu. Mwingereza akiyatamka mkazo ukikaa kwenye I, anamaanisha si mimi niliyemwambia, mtafute mwingine. Ukikaa kwenye never, ni sijawahi kumwambia, hata siku moja. Ukikaa kwenye told, ni kumwambia sikumwambia, labda nilimdokezea, labda alihisi mwenyewe. Ukikaa kwenye him, ni si yeye niliyemwambia, nilimwambia mtu mwingine. Ukikaa kwenye that, ni si hilo nililomwambia. Sasa angalia kilichotokea hapo: Kiswahili kimelazimika kubomoa sentensi na kuijenga upya mara tano, tumeleta si, tumeleta niliye, tumeleta nililo, tumetanguliza "kumwambia", wakati Kiingereza kimekaa pale pale hakijagusa hata herufi. Mwandishi mwingine atakusaidia ataweka neno la mkazo kwa herufi za mlazo. Wengi hawaweki, na walio wazuri mara nyingi ndo hawaweki kabisa. Kwa hiyo ukurasa unakupa maneno, mkazo unautia wewe, na ukiutia pasipo pake umesoma sentensi nyingine kabisa huku ukiapa kila neno umelielewa.

Hili wenyewe wanalijua siku nyingi. Miaka ya 1580 kule London mpiga chapa anaitwa Henry Denham alijaribu kutumia alama ya kuuliza iliyogeuzwa, imetazama upande wa pili, kwa ajili ya maswali yasiyotaka jibu, ili msomaji ajue hapa mtu haulizi, anasema. Wazo zuri tu. Halikudumu, ndani ya karne ya 17 lilishapotea, na sisi tukaachiwa kubahatisha.

Ila sio kubahatisha kweli. Turudi kwenye ile "I never told him that". Mkazo utaujua wapi? Kwenye mstari uliotangulia. Kama mtu kabla yake kasema "mtu gani kamwambia?" basi mkazo ni kwenye I. Kama kasema "kwa nini ulimwambia nyumba inauzwa?" mkazo unahamia kwenye that. Na mara nyingine ni mstari unaofuata ndo unaokwambia. Hii ndo kanuni yangu moja tu ninayoitegemea baada ya miaka mingi ya kutafsiri na kusahihisha tafsiri za wenzangu: maana ya mstari usiitafute ndani ya mstari, itafute kwa jirani zake, na hasa muulize yule aliyeambiwa. Kwenye hadithi kila mstari una msikilizaji wake mle mle ndani, na huyo msikilizaji alikuwepo chumbani, aliisikia sauti ambayo wewe hukuisikia. Jinsi anavyojibu ndo ushahidi wako.

Sasa tuwaweke Ruth na Daniel mezani.

"You came." Umekuja. Wote wawili wanaona amekuja, kasimama pale. Kwa nini basi umwambie mtu kitu anachokijua? Mwanafalsafa Paul Grice alilizungumzia hili kwenye mihadhara yake Harvard mwaka 1967, ikaja kuchapishwa 1975, na wazo lake ukilitoa koti la kisomi ni rahisi: watu wakiongea wanategemeana, kila mmoja anaamini mwenzake atasema kinachotosha, cha kweli, kinachohusu, na kinachoeleweka. Mmoja akikiuka waziwazi, mwenzake hafikirii huyu kachanganyikiwa, anafikiria kuna kitu kingine anataka kuniambia. Mtu anaulizwa "Do you still love me?" anajibu "It's late." Saa haikuulizwa. Kila mtu kasikia jibu.

Ruth naye kasema kisichohitaji kusemwa, kwa hiyo kuna kingine. Lakini kipi? Kumwambia mtu "umekuja" kunabeba ndani yake kwamba kulikuwa na shaka ya kuja, na shaka hiyo inaweza kutoka kwa mtu aliyekata tamaa halafu akafurahi, au kwa mtu aliyechoka kusubiri akaja kulaumu. Yote mawili yanakaa vizuri kabisa kwenye mstari huo. Ndo maana nikasema mwenzako hakukosea, mstari wa kwanza peke yake hauamui kitu, na pia Kiswahili kilimponza kidogo maana sisi "umekuja!" ni salamu ya furaha kabisa.

Anayeamua ni Daniel. "I said I would." Nilisema nitakuja. Sasa fanya jaribio moja ambalo mimi nalifanya kila nikikwama: chukulia tafsiri yako ndiyo sahihi, halafu andika jibu ambalo mtu wa kawaida angelitoa. Kama Daniel kasikia furaha, angejibu nini? Labda "of course I came", labda jina lake tu, "Ruth", labda angemkumbatia. Asingejitetea. Mtu anajitetea pale aliposhtakiwa, na Daniel ambaye ameisikia ile sauti kaona kashtakiwa, kaleta utetezi, tena utetezi wa kuhesabu: niliahidi, nimetimiza. Ushahidi wa kwanza huo, na hujautunga wewe, umeandikwa.

Mstari wa tatu ndo wenyewe. "You did say that." Hiyo did. Ungeweza kusema "You said that" na sarufi ikakamilika. Did imeingia kwa hiari, na did ya hiari kwenye Kiingereza siku zote ina kazi. Mara nyingi ni ya kubisha: mtu kakwambia hukupiga simu, unasema "I did call", yaani nilipiga bwana. Au ya kuhakikishia, "I do like it", nimependa kweli. Ila kuna hii ya tatu ambayo ndo ya hatari, ya kukubali nusu. Nakubali hili dogo ili nusu nyingine uisikie bila mimi kuitamka. Na bahati nzuri hapa Kiswahili hakijashindwa hata kidogo, kina kifaa chake hasa: "Kusema ulisema." Umeona? Ukisikia "kusema ulisema" masikio yako yanasubiri "lakini". Kula tulikula, lakini. Kuhisi ulihisi sawa, nilikwambia hapo juu, na bila shaka ukajua kuna kitu kinakuja. Ruth hasemi lakini, anaiacha inaning'inia, na miaka 6 yote imo kwenye huo ukimya, barua, simu, ahadi, sijui nini, msomaji anajaza mwenyewe.

Angalia na kitu kingine. Majibu ya Ruth yote mawili kayajenga kwa maneno ya Daniel. Yeye kasema "I said", Ruth anajibu "You did say". Yeye "I won't keep you", Ruth "you will". Kumrudishia mtu neno lake mwenyewe bila kupandisha sauti ni silaha kali kuliko tusi. Wenye kumbukumbu ya Julius Caesar ya Shakespeare, ile Nyerere aliyoitafsiri ikatoka 1963 halafu akaipitia tena ikawa Juliasi Kaizari mwaka 1969, wanajua Antony anavyowaita waliomuua Kaizari watu waheshimiwa, mara ya kwanza umati unasikia heshima, anarudia, anarudia, mpaka neno lile lile linageuka tusi na umati unalitema. Hakubadilisha neno, alibadilisha vilivyolizunguka. Kwa hiyo ukiona mhusika karudia neno la mwenzake, simama hapo usome polepole.

Pembeni kidogo, kwa sababu did ina ndugu yake ambaye nakutana naye kwenye karibu kila mswada unaoletwa kwangu, vile vimkia vya maswali. "You're a doctor, aren't you?" kikubalisho mbele, kikanusho nyuma, anataka uthibitishe tu, wewe si daktari wewe? Lakini "So you're a doctor, are you?" kikubalisho mbele na kikubalisho nyuma, mara nyingi hiyo sio kuthibitisha, ni kukurushia maneno yako usoni. Hapo ndo "eti" inapopata kazi: eti wewe ni daktari? Mfasiri asiyejua anaandika "wewe ni daktari, sivyo?" kwa zote mbili, basi ugomvi wote umeyeyuka, mhusika anayechokozwa anakasirika ukurasa unaofuata na msomaji anashangaa huyu kakasirishwa na nini. Na kwa haki niseme "are you?" hiyo inaweza pia kuwa ya udadisi mwema, mzee anamuuliza kijana kwa upole. Utajuaje? Mwangalie kijana anajibuje.

Turudi. "Daniel looked at the clock." Hii sio maelezo ya chumba. Kitendo kikiwekwa katikati ya maneno kinafanya kazi mbili, kinakupa muda uliopita kimya, na kinasema kile ambacho mwandishi mvivu angeandika "alisema kwa aibu". Kumbuka pia sio saa ya mkononi. Angetazama ya mkononi ingekuwa "watch" na ingekuwa kiburi cha wazi, mtu anayekuonyesha anaharakisha. Kaangalia ya ukutani, yaani macho yalikuwa yanatafuta pa kukimbilia tu. Kiswahili chetu "saa" ni zote mbili kwa hiyo kwenye tafsiri usiandike "aliangalia saa" ukaachia hapo, sema ya ukutani, vinginevyo umempa Daniel ukorofi ambao hana.

Halafu "Well." Na nukta. "Well, I won't keep you" yenye mkato ingekuwa mtu anaaga kwa raha zake. Nukta imemsimamisha, kaanza sentensi ikamfia mdomoni, kaanza nyingine. Alama hizi zisome kama maneno. Deshi ndefu mwishoni mwa kauli maana yake mtu kakatwa, mwenzake kaingilia au mlango umegongwa. Nukta tatu maana yake kajikatisha mwenyewe, nguvu zimeisha au kaogopa kumalizia. Watu wanazichanganya kila siku na ni mambo mawili tofauti kabisa, mmoja kanyang'anywa neno, mwingine kaliacha. Ila alama za kufungua na kufunga usemi, kwamba wachapishaji wengi wa Uingereza wanatumia kimoja kimoja na Wamarekani viwili viwili, hiyo sio toni, ni mtindo wa nyumba ya uchapaji, usipoteze usiku wako hapo.

"I won't keep you." Neno kwa neno sitakuweka, sitakushikilia. Hii ni kauli ya kuagia, mtu anajifanya anakuonea huruma wewe na muda wako kumbe anayetaka kuondoka ni yeye. Kiingereza kimejaa vifungu vya adabu vya namna hii ambavyo maneno yake yamekufa zamani imebaki kazi tu. "I was wondering if you could help me" haina wakati uliopita, ni ombi la sasa hivi, wakati uliopita umewekwa kulainisha. "You might want to sit down" haina uwezekano wowote ndani yake, ni kaa chini, nina habari mbaya. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii nilitafsiri "I'm afraid he's out" nikaandika "naogopa ametoka". Mhariri akanirudishia mswada na swali moja pembeni: anaogopa nini? Nikapitia kitabu chote, nikakuta nimewajaza wahusika woga kila ukurasa, katibu anaogopa, daktari anaogopa, karani wa benki anaogopa, kitabu cha watu wazima na heshima zao kimegeuka kitabu cha waoga. Ilikuwa ni "kwa bahati mbaya ametoka" tu, au "samahani, ametoka".

Sasa kauli za adabu zina majibu yake yaliyozoeleka. Mtu akisema "I won't keep you" unatakiwa useme hapana bwana, kaa, au asante kwa kuja, yaani unacheza ile ngoma hadi mwisho. Ruth kakataa kucheza. Kaichukua kauli ya adabu kama vile ni taarifa ya kweli, akaikubali. "No. I don't suppose you will."

Hiyo "No" imewapoteza wengi hata walio wazoefu. Sisi mtu akisema "sitakuchelewesha" tukikubaliana naye tunasema "ndiyo, hutanichelewesha", tunaikubali kauli. Kiingereza kinafuata kitenzi, kitenzi kikiwa kikanusho unakubali kwa "no". Kwa hiyo "No" ya Ruth sio hapana ya kumzuia asiondoke, ni ndiyo, nakubaliana na wewe. Nadhani mwenzako hapa ndo alipoangukia, kasikia "hapana" akajua dada anamwambia kaka yake asiende. Ukisoma hivyo mstari mzima unapinduka, unakuwa mwaliko. Na kisha "I don't suppose": sidhani, ila ni sidhani ya mtu aliyeshazoea, hana mshangao tena. Na "keep" nayo inafunguka, Daniel kaisema kwa maana ya kukuchelewesha, Ruth anairudisha kwa maana ya kubaki na mtu, kumshika usimwachie. Kaka anasema sitakuchelewesha, dada anajibu najua, wewe si mtu wa kukaa.

Na hakuna aliyepaza sauti. Hakuna alama ya mshangao hata moja kwenye mistari mitano, hakuna "alifoka", kuna "said" tu mara mbili. Kiingereza cha hadithi mara nyingi kinavyozidi kuwa baridi ndivyo jambo linavyozidi kuwa zito. Angalia hata vifupisho: mtu anayesema "I'm not angry" inawezekana kweli hajakasirika, anayesema "I am not angry" akayatenganisha maneno yote manne, ondoka.

Majina nayo yachunge kwenye hadithi iliyobaki. Kiingereza cha leo kina "you" moja tu, mtoto na rais wote ni you, lakini zamani walikuwa na "thou" ya mtu wa chini au wa karibu, na kuitumia pasipo pake lilikuwa tusi. Mwaka 1603 kwenye kesi ya Walter Raleigh, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita "thou" mbele ya mahakama kwa makusudi, akatamka kabisa kwamba anamu-thou, ili kumshusha. "Thou" imekufa kwenye mazungumzo ya kawaida lakini ile kazi haikufa, imehamia kwenye majina. Mama akimwita mtoto kwa majina yake yote matatu, hali mbaya. Mume na mke waliokuwa wanaitana kwa vifupisho wakaanza kuitana majina kamili, kuna kitu. Na "Listen, pal" karibu kila mara anaambiwa mtu ambaye sio pal hata kidogo. Kwa hiyo ukikuta Ruth anamwita Daniel "Danny" mahali popote mbele, weka alama pembeni, hapo kitu kimelegea.

Kuna na lile suala la upande gani wa bahari. "Quite good" ya Mmarekani ni sifa, nzuri sana, ya Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi, inaridhisha, usitegemee zaidi. "With respect" ya Mwingereza inatangulia kitu kisicho na heshima. "Bless your heart" ya majimbo ya kusini ya Marekani inaweza kuwa baraka na inaweza kuwa pole kwa ujinga wako. Jua mhusika katoka wapi kabla hujaamua kauli yake ina uzito gani.

Ila na mimi nikuonye upande wa pili, maana ukishafundishwa kutafuta vijembe utaviona hadi kwenye salamu. Nimesahihisha tafsiri ya kijana mmoja ambaye kila "fine" kaigeuza kuwa kijembe, watu wanakubaliana waende saa ngapi, yeye kaweka "haya bwana, kama ndivyo unavyotaka". Sio kila fine ni kisu. Kama umeona kejeli na msikilizaji wa ndani ya hadithi hakuiona, hakushtuka, hakujitetea, hakukaa kimya, hakubadilisha mada, basi kuna uwezekano mkubwa kejeli hiyo umeileta wewe na begi lako. Labda kama mwandishi anataka tuone huyo msikilizaji ni mzito wa kuelewa, na hilo nalo atalionyesha zaidi ya mara moja.

Tafsiri yangu mimi ingekuwa hivi:

"Umekuja," Ruth alisema.

"Si nilisema nitakuja."

"Kusema ulisema."

Daniel akatupia jicho saa ya ukutani. "Haya. Nisikuchoshe."

"Hutanichosha," Ruth alisema. "Hukai."

Mstari wa kwanza nilitamani kuandika "Kumbe umekuja", inaita, lakini kumbe inafunga mlango ambao mwandishi kauacha wazi, msomaji wa Kiswahili angejua mapema kuliko msomaji wa Kiingereza. Bora "umekuja" kavu, ibebe furaha na lawama zote mbili mpaka Daniel aamue. "Nisikuchoshe" naiona imekaa kuliko "nisikucheleweshe", ndivyo watu wanavyoaga kweli, na inampa Ruth neno la kurudisha. Mstari wa mwisho umenisumbua zaidi. Kwanza niliandika "Lini ulikaa ukanichosha?" na inachoma vizuri sana, ila imemfanya Ruth agombe, na Ruth hagombi, swali linapandisha sauti hata ukilisoma taratibu. "Hukai" ni fupi na baridi kama yeye, lakini imepoteza "I don't suppose", ile sidhani, ambayo ilikuwa imeacha upenyo mdogo. Maana sidhani sio sijui wala sio hapana. Mtu akisema sidhani kama utakaa, aliyeambiwa bado anaweza kukaa ili amuumbue.

Na hapo ndo nakurudishia mpira, kwa sababu mstari wa sita hujauleta. Nenda kaangalie Daniel anafanya nini baada ya hapo, anachukua koti au anavuta kiti. Akichukua koti, acha "Hukai" kama ilivyo. Akivuta kiti, basi Ruth alikuwa anamchokoza abaki, mwenzako anastahili nusu ya haki yake, na hapo futa "Hukai" uandike "Sidhani kama utakaa."